UZI: Kabla hatujachanga za kupandikiza mapafu, tuzungumze yanayokuja baada ya operesheni

Muuguzi_Wete (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Kila gurupu nililomo siku hizi, la ukoo, la mtaa, hata la wapishi wa harusi, linazunguka tangazo moja. Ndugu yetu wa huku Pemba mapafu yameingia makovu, anaishi kwa oksijeni usiku na mchana, na ameambiwa lililobaki ni kupandikizwa mapafu India. Nimechanga na nawaomba nanyi mchange. Ila chini ya tangazo pameandikwa "afanyiwe operesheni arudi katika hali yake ya zamani", na hapo ndipo nilipoona nisinyamaze. Nimefanya kazi miaka mingi Uingereza kwenye wodi ya waliopandikizwa mapafu kabla sijarudi nyumbani. Operesheni ndiyo sehemu fupi ya mambo haya. Pesa zote zikiishia kwenye operesheni na tiketi, kitakachomuua ndugu yetu kitakuja wakati watu wameshasahau kama waliwahi kuchanga.

Nianze na hesabu, maana ndiyo isiyosemwa. Chukua watu 100 waliopandikizwa mapafu miaka ya karibuni kwenye vituo vinavyopeleka takwimu zao kwenye rejista ya kimataifa. Mwaka mmoja baadaye wako hai kati ya 85 na 90. Miaka mitano, 55 hadi 60. Miaka kumi, theluthi moja hivi. Ukitafuta pale ambapo nusu wameshatangulia na nusu bado wapo, ni miaka 6 na ushei. Anayeuvuka mwaka wa kwanza salama mambo yake huwa mazuri zaidi: nusu ya hao hufika miaka 8 mpaka 9. Waliowekewa mapafu yote mawili kwa ujumla huishi zaidi kuliko waliowekewa moja.

Figo, ini, moyo, vyote hivyo vikipandikizwa vinadumu kuliko mapafu. Kwa nini? Figo imefungiwa chumbani, pafu liko barazani. Kila pumzi inaingia na vumbi, ukungu, virusi, moshi wa kuni, na kila apitaye analisalimia. Halafu pafu hilo hilo umelipunguzia walinzi kwa makusudi, kwa dawa za kushusha kinga ili mwili usilikatae. Ukishusha kinga sana, vijidudu vinashangilia. Ukishusha kidogo, mwili unalishambulia pafu. Maisha yote ya mgonjwa yanapita hapo katikati.

Sasa twende kwa mpangilio wa siku.

Siku tatu za mwanzo hofu kubwa ni pafu jipya kugoma. Lilikaa nje ya mwili saa kadhaa kwenye baridi bila damu. Damu ikirudi, kuta zake zinaumia, maji yanavuja, na picha ya kifua iliyokuwa nyeusi safi asubuhi inakuwa nyeupe jioni. Hali ikiwa kali, na hiyo humpata kiasi cha mmoja katika watano au sita, mgonjwa anabaki kwenye mashine ya kupumulia, na akizidiwa anaunganishwa na ile mashine inayotoa damu nje, kuitia oksijeni na kuirudisha mwilini. Wengi wanatoka. Lakini pafu lililoanza vibaya hivyo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kusumbua miaka ya mbele.

Pia kuna kuvuja damu, moyo kwenda mbio bila mpangilio, na neva ya kiwambo cha kupumulia kuumia, mgonjwa akawa hashushi pumzi vizuri upande mmoja. Mpasuo wa mapafu mawili mara nyingi ni mmoja unaokwenda kwapa hadi kwapa, chini ya matiti, na mfupa wa kidari unakatwa. Kila upande unatoka mirija ya kutoa maji na hewa. Maumivu yake si ya mchezo, na mtu akiumwa hapumui kwa kina wala hakohoi, ndipo nimonia inapopata njia.

Nitaendelea, adhana hiyo.

Darajani_Mkongwe

Miaka 6??? Yakhe, pesa zote hizo kwa miaka sita? Si bora mtu akae na wanawe amalize kwa utulivu.

BintiMkoani

@Darajani_Mkongwe kwa heshima zote, mama yangu ana hayo hayo makovu ya mapafu. Kutoka chumbani mpaka chooni anapumzika mara mbili. Ukimwambia miaka sita ya kumuona mjukuu anaanza skuli, sijui kama atakwambia ni michache.

Dada Muuguzi, endelea tafadhali. Na mie nina swali: hivi mtoto anaweza kumtolea mamake pafu? Mana nishakaa nikafikiri.

Muuguzi_Wete

@Darajani_Mkongwe hoja yako si ya kubezwa, na madaktari wenyewe wanaifanya kila siku. Ndiyo maana hawampeleki mtu kwenye orodha ya wanaosubiri pafu mpaka wapime kuwa bila pafu jipya hafiki mbali. Kwa mwenye makovu yanayosonga mbele, baada ya kugunduliwa wengi hupewa miaka mitatu mpaka mitano, na akishafika kuburura mtungi wa oksijeni muda unakuwa mfupi zaidi. Kwa hiyo usilinganishe sita na arubaini. Linganisha sita na alichobakiwa nacho. Mwenye hali inayokwenda taratibu, kama baadhi ya waliochakaa mapafu kwa sigara, hesabu inaweza kugeuka, na huyo anaweza kuambiwa subiri.

@BintiMkoani, mwanangu, Allah akulipe kwa nia. Lipo jambo hilo, lakini si pafu zima. Wanachukua kipande cha chini cha pafu kutoka kwa mtu mmoja na cha chini kutoka kwa mwingine, wawili wanamtolea mmoja. Wamarekani walifanya sana miaka ya 1990, Wajapani wakaendelea nalo. Ni nadra, maana unawaweka watu watatu hatarini kwa wakati mmoja. Kwa kawaida pafu linatoka kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa na moyo bado unapiga kwa kuwa mashine inampumulia, kundi la damu liafikiane, na kifua kiwe cha ukubwa unaokaribiana. Na hata hao wachangiaji, mapafu yao wengi hayafai. Yanaharibika mapema kuliko figo.

Kwa India muelewe na hili: pafu la mchangiaji wa huko anaangaliwa kwanza raia wa India. Mgeni anapewa akikosekana Mhindi anayefaa. Kwa hiyo familia isihesabu wiki, ihesabu miezi ya kupanga nyumba karibu na hospitali, wengi huko Chennai, na mgonjwa yuko kwenye oksijeni. Kodi hiyo sikuiona kwenye tangazo.

Forodhani_Usiku

Nimefungua uzi nikiwa na urojo mkononi, sasa naona hata bajia haishuki 😅

Muuguzi_Wete

Kula tu, yako haijapandikizwa. Tutafika kwenye urojo.

Naendelea. Wiki za mwanzo kuna jambo la maungio. Wakipandikiza, wanaunga mrija mkubwa wa hewa, mshipa wa damu unaoingia na ile inayorudi moyoni. Lakini vile vimishipa vidogo vinavyolisha ukuta wa mrija wa hewa wenyewe kwa kawaida haviungwi. Mwisho wa mrija unaishi kwa damu ya kudokoa mpaka vimishipa vipya viote. Ikikosekana, maungio yanakuwa meusi, yanaingia ukungu, yanaachia au yanaziba kwa kovu.

Historia yote ya upasuaji huu ilikwama hapo. Wa kwanza kupandikizwa pafu alifanyiwa na James Hardy kule Mississippi mwaka 1963, akaishi siku 18 akafa kwa figo. Baada ya hapo miaka 20 dunia ilijaribu takriban mara 40 na hakuna aliyedumu. Mwaka 1983 ndipo Joel Cooper na wenzake wa Toronto walipofaulu. Walichogundua ni kwamba zile dozi kubwa za steroidi za kuzuia kukataliwa ndizo zilizokuwa zinazuia kidonda cha mrija kupona. Wakazipunguza, wakatumia dawa mpya ya saiklosporini, na wakayafunika maungio kwa ule utando wa mafuta wa tumboni wenye damu nyingi. Mgonjwa wao akaishi zaidi ya miaka sita. Siku hizi utando hauhitajiki, ufundi umebadilika, lakini mrija kuziba bado upo. Dalili yake ni mtu kuanza kupiga mluzi kifuani, anadhani ni pumu. Wanaingiza kamera, wanatanua kwa puto, wakati mwingine wanaacha kibomba ndani kuushikilia.

Na kitu ambacho kilinishangaza mwanzo wa kazi: pafu jipya halijui kukohoa. Neva zimekatwa. Makohozi yakikusanyika chini ya maungio, mwenyewe hahisi muwasho wowote. Nilikuwa na bwana mmoja, dereva wa treni, nimesimama ubavuni kwake nasikia koroga-koroga kwa sikio tupu, yeye ananiambia "niko safi, sista". Tunawafundisha wakohoe kwa saa, si kwa kuhisi haja.

Neva ya tumbo nayo inaweza kuguswa wakati wa upasuaji, tumbo likawa zito kumwaga chakula. Kiungulia kinapanda usiku, vijitone vya asidi vinateremkia kwenye pafu lisilojua kukohoa. Kwa hiyo akila chakula cha usiku akalala hapo hapo, pafu ndilo linalolipa. Wengine hufanyiwa operesheni ndogo ya kukaza mlango wa juu wa tumbo kwa ajili hiyo tu.

Mfamasia_Kwerekwe

Bi Muuguzi umegusa penyewe. Naomba nichangie upande wa dawa kwa sababu hapa ndipo penye mtego kwa sisi wa visiwani.

Dawa kuu ya kushusha kinga siku hizi ni takrolimusi, pamoja na mikofenoleti na prednisoloni. Takrolimusi inataka kiwango chake kwenye damu kiwe ndani ya kipimo chembamba. Ikipungua, kukataliwa. Ikizidi, figo zinaungua, mikono inatetemeka, presha inapanda, sukari inapanda. Sasa angalieni vitu ambavyo sisi tunanunua dukani bila cheti:

Klarithromaisini na erithromaisini za kifua, flukonazoli ya fangasi: zote zinapandisha takrolimusi kwenye damu, na kupanda kwenyewe kunaweza kutokea ndani ya siku chache tu.

Daiklofenaki na aibuprofeni za mgongo na magoti: hazigusi kiwango, lakini zikikutana na takrolimusi zinaiumiza figo kutoka pande mbili.

Balungi: linapandisha. Danzi pia ni ndugu yake kwenye hilo, kwa hiyo achar ya danzi tena basi. Chungwa la kawaida halina shida.

Dawa za mitishamba za kunywa, hata zile za kuletwa kutoka Oman ndani ya chupa nzuri, usinywe kabla ya daktari wa upandikizaji kujua. Si kwamba zote ni mbaya. Ni kwamba hakuna anayejua kilichomo, na figo ikishaharibika ndio utajua.

Halafu TB. Ile rifampisini, dawa nyekundu inayogeuza mkojo rangi ya machungwa, inaishusha takrolimusi mpaka karibu haipo. Mgonjwa akianzishwa dawa za TB za kawaida bila kuwasiliana na waliompandikiza, anaweza kulipoteza pafu huku anatibiwa.

Muuguzi_Wete

Ahsante sana ndugu yangu. Kwenye TB niongeze: ndiyo maana wanapima TB iliyojificha kabla ya kumuweka mtu orodhani, na wakiikuta wanaitibu mapema. Kwa kwetu ambako TB ipo mitaani, msiliruke.

Na kipimo cha kiwango cha takrolimusi kinachukuliwa asubuhi KABLA hajameza dozi. Watu wengi wanameza kwanza kwa mazoea, wanakwenda kutolewa damu, jibu linatoka juu, daktari anapunguza dawa, na mwezi ujao kukataliwa kumeanza. Andikeni kwa kalamu nyekundu kwenye mlango wa jokofu.

SheikhaWaJangombe

Na suala la kisharia je? Bibi yetu anasema mtu hazikwi na kiungo cha mwenziwe.

Ustadh_Kiembesamaki

Wa alaykum salaam. Suala hili wanazuoni wamelizungumza zamani. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikaa Jeddah mwaka 1988 na kujuzisha kupandikiza viungo kwa masharti: pawe na dharura, aliyetoa au mawarithi wake waridhie, pasiwe na biashara ya kuuziana kiungo. Wapo waliokhitalifu, na mwenye shaka amuulize anayemuamini. Lakini kumwambia mgonjwa ni haramu moja kwa moja, hapana.

Na kwa kuwa Ramadhani huulizwa: mgonjwa anayeambiwa na tabibu muaminifu kuwa kufunga kutamdhuru ana ruhusa ya kula, na ugonjwa usiotarajiwa kuondoka una fidia yake. Asijitie ushujaa.

Muuguzi_Wete

Allah akuhifadhi ustadh. Dawa hizi nyingi zinamezwa kila baada ya saa 12, na huku kwetu kutoka daku mpaka futari ni zaidi ya hapo. Dozi si jambo pekee. Mwili ukikauka maji na takrolimusi imo, figo zinaumia. Ipo ya mara moja kwa siku, na baadhi ya madaktari humruhusu mgonjwa aliyetulia muda mrefu. Mwaka wa kwanza sijaona anayeruhusu.

Figo_ya_Dada

Salaam. Mimi si wa mapafu, nilipandikizwa figo Muhimbili, dada yangu ndiye aliyenitolea. Kwa wasiojua, Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017. Mapafu hapa nchini hakuna.

Nataka niseme la upande wa mgonjwa. Mwezi wa kwanza nyumba inajaa. Kila mtu anakuja kukuona, anakushika mkono, analeta mtoto mwenye mafua akubusu, na ukivaa barakoa wanasema unajidai. Mke wangu aliweka ndoo ya maji na sabuni barazani, akakaa mlangoni kama askari wa bandari. Wako walionuna mpaka leo. Kwa mwenye mapafu nadhani ni zaidi.

La pili ni dawa kuisha. Boti ikifutwa kwa upepo, na dawa zimebaki za siku moja, huo usiku haulaliki. Sasa naweka akiba ya mwezi mzima, sehemu mbili tofauti, isije ikaharibika yote kwa pamoja.

Muuguzi_Wete

Hilo la akiba ni dhahabu. Na mkeo mpe salamu zangu, angefaa wodini kwetu.

Maambukizi sasa. Mwezi wa kwanza ni bakteria wa hospitali na wale ambao mgonjwa alikuja nao. Baadaye inaingia CMV, kirusi ambacho wengi wetu tunacho kimelala bila kutusumbua. Ikiwa mchangiaji alikuwa nacho na mpokeaji hakuwahi kukipata, hiyo ndiyo hatari kubwa, na anapewa valgansiklovia kwa miezi kadhaa. Dawa hiyo ni ghali, muiweke kwenye bajeti. Septrini ya dozi ndogo ni ya muda mrefu, wengi huinywa maisha yote, kuzuia aina fulani ya nimonia.

Ukungu wa aspajilasi unakaa kwenye majani yaliyooza, mbolea, mabua, vumbi la ghala. Kwa Pemba nawaambia wazi: aliyepandikizwa asipepete nafaka, asigeuze mbolea, asikae kwenye vumbi la kuanua karafuu, asilale nyumba inayovuja yenye ukuta mweusi wa fangasi. Na jiko la kuni litoke nje. Siwezi kulisema hili kwa upole: kumrudisha mtu mwenye mapafu mapya kwenye jiko lenye moshi ni kumrudisha alikotoka.

@Forodhani_Usiku, urojo wa barabarani hapana. Juisi ya miwa hapana, kachumbari ya mkahawani hapana, maji yachemshwe. Pweza aliyeiva vizuri nyumbani, karibu.

Chanjo: zenye kirusi kilichouawa, kama ya mafua ya sindano, anatakiwa achanjwe. Zenye kirusi hai haruhusiwi, na ya homa ya manjano ni mojawapo. Anayetarajia kupita nchi zinazodai kadi ya manjano amuone daktari achanjwe MAPEMA kabla ya kupandikizwa ikiwa inafaa, au aombe barua ya msamaha wa kitabibu. Nimeona watu wanachomwa dirishani ili tu wapate muhuri. Kwa huyu, sindano hiyo inaweza kumuua.

Na homa. Huku mtu akipata homa anameza panadoli anasubiri kesho. Kwa aliyepandikizwa, homa ni simu usiku ule ule.

BintiMkoani

Naandika yote haya kwenye daftari. Dada, huko kukataliwa kwenyewe kunakuwaje? Anajuaje kama pafu linakataliwa?

Muuguzi_Wete

Kuko kwa aina mbili na watu wanazichanganya.

Kwa ghafla: hutokea zaidi mwaka wa kwanza. Pumzi inapungua, homa ndogo, uchovu, au hakuna dalili kabisa. Wanaingiza kamera, wanachukua vipande vidogo vya pafu, wanaangalia kwenye darubini. Mara nyingi dozi kubwa za steroidi za mshipani kwa siku tatu zinatosha. Humpata kama mmoja katika wanne mwaka huo, kwa hiyo familia isilie ikisikia neno hilo.

Ya pili ndiyo inayoua, na ndiyo sababu ya ile hesabu niliyoanza nayo. Kukataliwa sugu. Njia ndogo kabisa za hewa zinajaa makovu taratibu mpaka zinafunga. Kufika mwaka wa tano, karibu nusu ya waliopandikizwa wanakuwa nayo kwa kiwango fulani. Wapo ambao inawachukua miaka wakiwa wanatembea na kufanya kazi, na wapo ambao pafu lote linakakamaa kwa mfumo mwingine wa makovu, hao hali yao huenda haraka zaidi. Dawa ya kuirudisha nyuma hakuna. Azithromaisini ya muda mrefu humsaidia baadhi, wengine husafishwa chembe nyeupe za damu kwa mwanga maalumu. Kwa wengi lengo ni kuisimamisha pale ilipofika. Wachache sana hupandikizwa mara ya pili.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea kuiona mapema. Mgonjwa anapewa kimashine cha kupuliza, spirometa, kinaingia mfukoni. Kila asubuhi anavuta pumzi mpaka mwisho, anapuliza kwa nguvu zote, namba inatoka, anaandika. Namba inayoangaliwa inaitwa FEV1, hewa anayoitoa sekunde ya kwanza. Ikishuka asilimia 10 chini ya kawaida yake na ikabaki hapo siku mbili, anapiga simu hata kama anajisikia mzima. Ikishuka asilimia 20 kutoka pale alipokuwa bora kabisa na isirudi, hapo ndipo kukataliwa sugu kunaanza kutajwa. Niliwahi kuwa na mama mmoja wa Kibengali aliyechora mstari wa namba zake ukutani jikoni, kwa penseli, siku kwa siku. Alimuonesha daktari mteremko ambao kompyuta ya hospitali ilikuwa haijauona.

Darajani_Mkongwe

Haya, nimesoma yote. Nitachanga. Lakini nauliza kama mzee: hizo figo mnazozitaja kila mara, huyu mtu atakuja kuumwa figo tena?

Muuguzi_Wete

Ahsante mzee wangu. Ndiyo, jambo la kawaida sana. Miaka inavyokwenda takrolimusi inazichosha figo, na wachache hufikia kuoshwa damu. Kisukari cha dawa pia, presha, mifupa kuwa myepesi kwa steroidi, na saratani za ngozi na za tezi za limfu kwa sababu kinga imelala. Ndiyo maana kliniki haishi. Mwaka wa kwanza damu inapimwa mara kwa mara mno, mwanzo hata mara mbili kwa wiki.

Na hapa ndipo ninapowaomba waandaaji wa mchango. Msifunge hesabu siku mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji. Nani atakaa naye Chennai miezi ya mwanzo? Damu ya kiwango cha dawa itapimwa wapi akirudi, na jibu litarudi baada ya siku ngapi? Nani Unguja au Dar atakuwa daktari wake anayezungumza na wale wa India? Dawa za mwaka wa pili zitalipwa na nani, na za mwaka wa tano? Binafsi nikisikia familia ina fedha ya operesheni tu na hayo mengine hayana jibu, nitawaambia wasiondoke bado. Najua hilo litawaudhi baadhi yenu.

Mratibu_Mchango

Assalaam alaykum. Mimi ni mmoja wa waandaaji, nimeletewa uzi huu na watu wengi leo. Kusema kweli ya mwaka wa pili hatukuyaweka. Tumekubaliana kufungua akaunti ya pili ya dawa na vipimo tu, iwe na watia saini watatu na mmoja awe wa familia. Tangazo jipya litatoka kesho. Bi Muuguzi tutakutafuta kwenye ujumbe wa ndani, na Mfamasia pia kama ataridhia.

Mfamasia_Kwerekwe

Nimeridhia. Nileteeni orodha ya dawa anazokunywa sasa hivi zote, na za asili zimo.

BintiMkoani

Dada Muuguzi la mwisho, mama yuko kwenye hatua za mwanzo tu. Kuna cha kufanya huku tunapojiuliza?

Muuguzi_Wete

Kipo kikubwa. Atembee. Hata akiwa na oksijeni, kila siku, ukumbini kwenda na kurudi, akaze mapaja hasa. Wanapompima wanamtembeza dakika sita na kuhesabu mita, na anayefika mezani akiwa na misuli anatoka wodini mapema kuliko aliyelala kitandani akisubiri. Ale protini, uzito usishuke mno wala usizidi. Meno yatibiwe kabla, jino bovu ni maambukizi yanayosubiri. TB ipimwe. Na wote wanaovuta sigara ndani ya nyumba hiyo waache leo.

Kama ana mashine ya oksijeni ya umeme, wekeni mtungi wa akiba uliojaa, umeme ukikatika usiku msianze kutafuta.

BintiMkoani

Mtungi upo, ila sijui kama umejaa. Nakwenda kuangalia. Daktari alitaja pia kupimwa mgandamizo wa damu ndani ya moyo upande wa kulia, kwa mrija. Huko Dar kunafanyika?

Muuguzi_Wete

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wana maabara ya mrija. Mwambie daktari aandike rufaa yenye neno hilo waziwazi, na mbebe CD ya picha ya CT ya kifua, si karatasi ya majibu peke yake. Oksijeni ya kwenye boti mpange na wenye boti kabla ya siku ya safari.